Tuzo ya shule za kijani: "Dada, walilipwa shilingi ngapi?"

Haya jamani, habari za huko nyumbani. Wakubwa wangu, shikamooni. Leo sijapika wala sijaenda dukani, nimekaa hapa mezani na bahasha zangu, maana kuna swali moja limejaa kwenye maoni. Tangu niweke ile video ya ofisi za elimu za kaunti yetu huku Marekani, siku niliyopeleka makaratasi ya kumwandikisha kijana wangu, mkaona pale mapokezi kile kibao chenye utepe wa kijani, kila nikifungua simu ni hilohilo. "Dada, hiyo tuzo walilipwa shilingi ngapi?" Mwingine: "Shule yetu ina miti kuliko hapo, mbona sisi hatupewi?" Na yuko kaka mmoja ananiandikia kila wiki kwamba naringia shule za Wazungu. Kaka yangu, nakuheshimu. Leo nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nusu ya nitakayosema wengine wataita kulalamika, na nusu wataita majigambo. Mimi nasema yaliyonikuta.

Jibu la swali: hawakulipwa. Ile ilikuwa tuzo ya Wizara ya Elimu ya Marekani, ikiitwa Green Ribbon Schools, shule za utepe wa kijani. Ilitangazwa 2011, na mwaka 2012 shule 78 zikawa za kwanza kuipata. Mwaka 2013 wakaanza kuzipa na wilaya nzima za shule, wilaya 14 mwaka ule, na 2015 vikaingia vyuo. Aliyeshinda alipata kibao cha ukutani, akaalikwa Washington kwenye sherehe, akapigwa picha, akarudi kwao. Hela haikuwemo. Tena mwalimu mkuu hakujaza fomu akaituma Washington mwenyewe, jimbo lake ndilo lililopeleka jina.

Na nikisema wilaya ya shule msifikirie wilaya ya kwetu Tanzania, yenye mkuu wa wilaya (DC) na mkurugenzi (DED). Huku ni chombo cha shule tu, kina bodi yake, bajeti yake, mabasi yake, mafundi wake, na sehemu kubwa ya fedha zake zinatoka kwenye kodi za wakazi wa hapohapo. Hapa jimbo la Maryland kila kaunti ni wilaya moja ya shule. Kaunti 23, ongeza jiji la Baltimore, zinakuwa 24. Kwa hiyo kibao mlichokiona si cha shule ya mwanangu. Ni cha kaunti nzima. Hapo ndipo maneno yangu yanapoanzia.

Kwa yule wa miti: miti peke yake haitoshi. Walikuwa wanapima mambo matatu, na ilikuwa lazima yote matatu yaonekane. La kwanza, shule imepunguza uharibifu wa mazingira pamoja na gharama, yaani umeme, maji, taka, mafuta ya mabasi. La pili, afya ya watoto na ya wafanyakazi, kuanzia hewa ya darasani mpaka chakula na michezo. La tatu, watoto wanafundishwa mazingira kweli, na wanatoka darasani kwenda kufanya kazi ya mikono. Kwenye hilo la tatu Maryland wako mbele, niwape haki yao. Tangu 2011 ni jimbo la kwanza lililosema mwanafunzi hamalizi sekondari bila elimu ya mazingira. Kijana wangu alikuja nyumbani na chupa ya maji ya kijito kilicho nyuma ya shule, ndani kuna vijidudu anavihesabu kwa njiti ya kiberiti, ananieleza kwamba aina fulani wakiwepo maji ni mazima na wasipokuwepo kuna mtu anamwaga kitu huko juu. Mtoto wa miaka 10. Nilimsikiliza mpaka ugali ukaanza kushika chini.

Na ukienda kantini yao, kabla hajatupa sahani anapita kwenye ndoo. Maziwa yaliyobaki anayamwaga humo, kiporo cha chakula kinakwenda kwenye pipa la mboji, sahani zinapangwa moja juu ya nyingine, na pakiti ya maziwa ambayo haijafunguliwa inawekwa kwenye meza ya pembeni, mwenzake mwenye njaa achukue bila kuuliza mtu. Meza ile naipenda kuliko kibao. Mwanangu amewahi kula pale, na nitawaambia kwa nini.

Chakula cha bure shuleni kinakwenda kwa kipato cha familia. Kipato kikiwa chini ya asilimia 130 ya mstari wa umaskini wa serikali, mtoto anakula bure. Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee, zamu za usiku, nikapiga ovataimu miezi mitatu ili nitume hela za matibabu ya mama. Ile ovataimu ikanivusha mstari. Barua ikaja: umezidi. Hela yenyewe ilikwishakwenda kwetu Korogwe kwa simu, imelipa hospitali, lakini kwenye karatasi mimi ni mtu mwenye kipato. Hapo hakuna mahali pa kuandika "nina mama". Wale mnaosema ndugu wa Marekani wana roho mbaya hawatumi, mlikumbuke hilo.

Na kuandikishwa penyewe. Wanataka uthibitisho kwamba unaishi ndani ya kaunti: mkataba wa nyumba, bili yenye jina lako. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja, mkataba una jina lake, bili zina jina lake. Ikabidi yeye ajaze fomu kwamba anakaa na mimi, tukatafute mtu wa kugonga muhuri, na yeye ana kazi mbili, siku yake ya mapumziko ofisi zimefungwa. Kijana alikaa nyumbani siku tisa. Siku hizo tisa ndizo nilizokaa pale mapokezi nikikitazama kile kibao nikasoma kila neno. Afya ya wanafunzi. Nikayashika maneno yale.

Kijana wangu ana pumu. Na huku mtoto haendi shule na pampu yake mfukoni hivihivi, lazima fomu iliyosainiwa na daktari, kila mwaka upya, na kumwona daktari ni hela. Hilo nililikubali, ni usalama wake. Nililoshindwa kulikubali ni darasa. Tangu Oktoba alikuwa anarudi anakohoa, Jumamosi na Jumapili anatulia, Jumatatu jioni kifua kinaanza tena. Nesi wa shule, Mungu ambariki, ndiye aliyeniambia nisome daftari lake: mara ngapi kaja kuomba pampu, na siku gani.

Nikaomba kuingia darasani. Chini ya dirisha kuna mashine ya hewa, sanduku refu la chuma, ndilo linalovuta hewa ya nje na kuipasha moto. Juu yake vitabu vimepangwa vimeziba matundu, na ukisogeza pua unasikia harufu ya kitenge kilichokunjwa kibichi. Ukungu. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa kwa upole kwamba imepokelewa. Nikaandika ya pili. Nikaandika ya tatu.

Nisije nikaambiwa naonea kaunti yetu. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti Juni 2020: wilaya za shule zipatazo asilimia 41 zilihitaji kubadilisha au kukarabati mashine za hewa na joto katika angalau nusu ya shule zao, na hiyo ni kama shule 36,000 nchi nzima. Hii ni Marekani mnayoiona kwenye picha. Majengo mengi ni ya zamani, na gharama ya umeme na joto kwa shule za huku ndiyo inayofuata baada ya mishahara. Ndiyo maana wenye tuzo waliweka mazingira na gharama kwenye kapu moja, maana taa ikizimwa na jengo likizibwa vizuri, kuna hela inabaki. Lakini ukiziba jengo ili kuokoa joto halafu usitunze mashine ya hewa, umewafungia watoto ndani na ukungu. Hayo mambo matatu yanashikana, huwezi kupata moja ukaacha jingine.

Barua pepe zikashindwa, nikaenda kwenye kikao cha bodi ya elimu. Mwananchi anajiandikisha, anapewa dakika tatu, kengele ikilia unakaa. Kiingereza changu mnakijua. Nilisoma maneno ya kibao chao, neno kwa neno, kisha nikasoma daftari la nesi: tarehe, pampu, tarehe, pampu. Sikumtukana mtu. Nikasema, mmetambuliwa kama kaunti nzima, na darasa la mwanangu limo ndani ya kaunti. Dakika ya tatu haikuisha nikakaa.

Fundi alikuja wiki iliyofuata. Mwalimu akanipigia nije nione, na nilikuwa nimetoka zamu, nikaenda na viatu vya kazini. Akafungua lile sanduku akavuta filta. Jamani. Ilikuwa nyeusi kama mfuniko wa sufuria la kuni, imevimba, na pembeni imeota manyoya ya kijani. Aliishika kwa vidole viwili akaitia kwenye mfuko akafunga. Akaniambia namba ya chumba hiki haikuwa kwenye orodha yake, kilikuwa stoo zamani, kikageuzwa darasa, orodha haikubadilishwa. Miaka yote hiyo wamebadilisha filta shule nzima na kukiruka chumba kimoja. Kijana wangu sasa hivi anatumia pampu siku za baridi kali na siku za moshi, kama kile kiangazi cha 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulipotufikia huku. Daftari la nesi Jumatatu halimtaji.

Kwa hiyo mkiniuliza kama tuzo ina faida, mimi kwangu ilinifaa. Iliwafanya waseme hadharani watakachofanya, wakakitundika ukutani, nami nikapata pa kushika. Nasema kwangu. Usichukue video hii ukaenda kugombana na bodi ya Texas au Ohio ukasema dada kasema. Kila jimbo na taratibu zake, na wewe na makaratasi yako ya uhamiaji, kama hayajakaa sawa usijipeleke mbele ya kamera za kikao kabla hujaongea na mwanasheria.

Sasa kaka yangu wa kuringa. Nimesoma Korogwe. Tulikwenda shule na kidumu cha maji na ufagio wa chelewa, Ijumaa na mzigo wa kuni kichwani kwa ajili ya uji. Miche tuliyopanda tulimwagilia kwa maji yale ya kidumu, na mwarobaini wa pale mbele ya ofisi nimeushika mimi ukiwa na majani manne. Kuhusu kazi ya mikono hakuna Mmarekani atakayetufundisha. Lakini mama mpishi wetu alikuwa anakohoa kama mwanangu, macho mekundu mwaka mzima, na hakuna aliyeandika mahali popote. Alipoacha kazi walisema amezeeka. Hakuwa mzee.

Serikali yetu imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Agizo lipo. Kwa hiyo yule mwalimu wa Handeni aliyeniuliza aanze na nini kwa sababu hana bajeti: mimi si mtaalamu, mwalimu wangu, nakuambia nilichokiona kinasogeza watu. Chukua daftari la kaunta. Andika lori la kuni linaingia lini na kwa shilingi ngapi. Andika mpishi amekosa kazi siku ngapi kwa kifua. Andika watoto wangapi wametoka darasani kwa kukohoa, na wanakaa darasa gani, na lipo upande gani wa jiko. Muhula mmoja tu. Ukimaliza nitumie picha za kurasa kwenye WhatsApp, nitazisoma hapa mbele ya watu wote, na jina la shule nitalificha ukitaka.