Siku ya Kuhama Mji

Habari za jioni, ndugu zangu. Wakubwa mliokuja kutusikiliza, shikamooni.

Nazungumza na ninyi mnaosoma hapa Leipzig, Ujerumani, mtakaobeba mashanta likizo hii kwenda kuiona miji ya Ulaya. Uzuri wa Prague na Budapest mtaenda kujionea. Mimi nimekuja kwa ajili ya siku ile ambayo watu huisahau wanapopanga safari: siku ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine.

Kwenye ratiba, Prague hadi Vienna ni kama saa nne za treni. Lakini hesabuni kuamka, kufungasha, kutandua mashuka, kurudisha ufunguo, kufika stesheni, kungoja, kisha kuitafuta hosteli ya pili, ambako mara nyingi kitanda hakipatikani mpaka alasiri. Siku imekwisha! Mwenye kupanga miji saba kwa wiki mbili ametoa siku sita za likizo yake kwa kuhamahama. Nawasihi chukueni miji mitatu. Kutoka hapa kwenda Prague, Prague hadi Vienna, Vienna hadi Budapest, na siku nzima ya kurudi: hizo ni siku nne za treni, na pasi ya Interrail, yaani tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, ile ya siku 4 ndani ya mwezi 1, inatosha kabisa.

Interrail ilianza 1972, kwa vijana wasiozidi miaka 21. Ninyi mnaitumia kwa sababu makazi yenu ni huku. Ndugu zenu wakija kutembea kutoka Mombasa au Dar es Salaam watanunua Eurail, pasi ya wasioishi Ulaya. Ila ndani ya Ujerumani pasi yenu inawapa safari mbili tu, ya kutoka na ya kurudi. Na kibali chenu cha ukaazi kinawaruhusu kuwa katika nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Kibebeni chenyewe, pamoja na pasipoti, si nakala. Treni inayoingia Ujerumani kutoka Prague hupitia Bad Schandau, mji wa mpakani, na polisi hupanda humo kukagua. Mara nyingi nimeombwa hati mimi peke yangu ndani ya behewa zima. Inauma, na sitawaambia isiwaume. Lakini hati ikiwa karibu na mkono, jambo hilo huisha haraka.

Sasa majina. Ubao wa stesheni hauandiki Vienna, unaandika Wien. Prague ni Praha kwao, na hapa Leipzig ni Prag. Huko Italia mtaona Monaco, kumbe ni München inayosemwa. Budapest ndiko penye mtego mkubwa zaidi: stesheni ya Keleti maana yake ni ya Mashariki, na treni za kwenda Vienna, ambayo iko magharibi, huondokea hapo hapo Keleti. Ipo na Nyugati, yaani ya Magharibi, na mgeni anayefuata maana ya jina atakwenda huko na kuachwa. Nakili jina la stesheni kama lilivyo kwenye tiketi. Na saa vilevile: 14:26 iandike pia kwa saa zetu, saa nane na dakika ishirini na sita, maana akili iliyochoka hurudi kwenye lugha ya mama.

Nayasema haya kwa sababu ya usiku mmoja. Nilikuwa Prague siku nne, nimezoeana na watu wa chumba kimoja, tunapika pamoja, na siku ya kuondoka nikashindwa kujibandua. Nikaiacha treni ya asubuhi, nikaiacha na ya mchana. Nikafika Budapest karibu saa sita usiku, simu imezima, na namba ya kufungulia mlango wa hosteli imo ndani ya simu hiyo. Mfukoni nina euro, na wenzetu wale wanatumia forinti. Nikasimama pale Keleti na shanta mgongoni, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Mama mmoja aliyekuwa akifagia akaniona. Hatukuwa na hata neno moja la pamoja. Nikamwonyesha simu, akanipeleka kwenye soketi ya ukutani, akasimama karibu yangu mpaka ikawaka.

Tangu hapo nina desturi yangu. Namba ya mlango na anwani ya hosteli naziandika kwenye karatasi. Fedha kidogo ya nchi ninayokwenda naitafuta mapema. Napanda treni ya asubuhi ili niingie mji mpya kukiwa na mwanga. Na kuaga nakufanya usiku wa kuamkia safari, kwa sababu kule hosteli watu huondoka alfajiri kimyakimya, ukiamka unakuta kitanda kitupu, na sisi hatukulelewa hivyo. Nakaa na wenzangu mezani, nakula nao, namuaga kila mtu kwa jina lake. Asubuhi nanyanyua shanta, narudisha ufunguo, natoka.

Mama yule sikujua jina lake. Niliporudi Keleti siku ya kuondoka, niliwahi mapema kwa ajili yake, nikazunguka majukwaa yote na mfuko wa machungwa mkononi. Hakuwa zamu.