Shati la Mfalme Henry

Ndugu zangu, filamu mliyoitazama jana, ile ya mwaka 2008 ya Anne Boleyn na nduguye Mary, imeniudhi, na nitasema kwa nini, hata kama wengine mmeshanichoka kwa hoja hii. Mavazi yanapendeza kupita kiasi, lakini hayana kazi. Fitina ya kasri la Henry VIII, mfalme wa Uingereza wa karne ya 16, imegeuzwa wivu wa ndugu wawili waliovaa vizuri.

Chukueni shati. Mwaka 1530 Henry anahangaika kumwacha mkewe, Catherine wa Aragon, amwoe Anne. Papa, ambaye ndiye wa kuibatilisha ndoa, anasitasita, maana jeshi la Kaisari Charles V, mtoto wa dada yake Catherine, lilikwisha kuipora Roma mwaka 1527. Na bado, katikati ya kesi hiyo, mfalme anampelekea Catherine kitambaa amshonee mashati! Anne alipojua alikuja juu. Chapuys, balozi wa Kaisari, akaliandika. Sasa mfikirieni yule mtumishi aliyebeba kitambaa: anapita mlango wa nani, nani anamwona, nani anakwenda kusema? Anayemshonea mfalme shati ndiye mkewe, na kila mtu pale kasrini anaelewa hivyo. Miaka miwili baadaye Henry anamdai Catherine vito vyake ampe Anne. Anakataa, mpaka anaamriwa. Mwandishi akiwa na shati na vito hivyo, anatafuta nini tena?

Najua kuna wa kuniambia, "Mwalimu, hii ni burudani tu." Burudani ndiyo ninayoidai! Mtu akiona kitambaa kinapita mkononi na moyo unamdunda, ameburudika. Kutazama gauni saa mbili ni kwenda dukani bila hela.

Tena msiniambie hayo ni ya Ulaya. Karne ya 19 misafara haikupita hapa Ugogo bila hongo, yaani ushuru wa njia kwa mtemi, na hongo ilikuwa nguo: vitambaa vya pamba, merikani na kaniki. Watu wa mtemi wanazikagua, wanazikataa, wanataka nyingine, siku zinapita, na maji ni ya mtemi. Na Unguja mwaka 1859, Barghash, aliyetaka kumpindua nduguye Sultani Majid, alipozingirwa nyumbani kwake na askari wa Sultani huyo, dada zake Salme na Khole walimtoa amefunikwa nguo za kike, akapita mbele ya askari hao hao. Salme mwenyewe ameyaandika. Hilo ndilo vazi!

Nilitaka kugusa Bunge la Uingereza na sheria ya 1534 iliyomtambua Henry kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, na pia wafalme wetu wa jukwaani wanaoongea kama wanasoma risala, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Basi, kikundi cha maigizo, muswada wenu wa mtemi nitausoma. Bei ya mavazi msinitajie. Nionyesheni nani kapewa doti ngapi, na nani kanyimwa.