Nani Anaacha Dagaa Bei Ikipanda?

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi wafanyabiashara wa soko la Mwaloni, hapa Mwanza, mliopata nafasi ya kuja, karibuni.

Wavuvi wa dagaa hapa ziwani hutegemea taa na usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawajikusanyi kwenye taa, mzigo unapungua na bei inapanda. Kwa mtafiti hii ni bahati kubwa, maana bei imesukumwa na mwezi, haikusukumwa na hamu ya wanunuzi; mauzo yakishuka, twajua ni bei iliyoyashusha.

Sasa tuseme bei imepanda kwa asilimia 10 na mauzo yakashuka kwa asilimia 10. Hesabu hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado isimweleze mnunuzi hata mmoja. Anayepeleka magunia Kongo ananunua vilevile. Mwenye kuku, anayewalisha dagaa, anahamia soya. Mama wa Igoma anapunguza kisado kuwa nusu, na jioni hiyo watoto wanakula maharage. Daftari la muuzaji limeandika ujazo na shilingi tu. Hao watatu wamepotea humo. Mimi huyo mama ndiye ananiuma zaidi, kwa sababu kila sera ya bei humfikia yeye kwanza.

Mwaka 1974 mchumi Daniel McFadden alitupatia modeli ya lojiti, njia ya kukadiria watu watachagua nini: kila mtu huchagua kinachomridhisha zaidi, nasi tunaona baadhi tu ya sababu zake. Lakini katika umbo lake rahisi, lojiti hudai kwamba wanaoacha dagaa watagawanyika kwa uwiano uleule ambao maharage, sangara na soya vilikuwa vikinunuliwa. Yaani mwenye kuku naye ahamie sangara! Ndiyo maana wachumi Berry, Levinsohn na Pakes, mwaka 1995, walipochambua soko la magari la Marekani, waliacha uzito ambao mnunuzi huupa bei na sifa za gari utofautiane mtu na mtu, wakakadiria tofauti hizo kwa kutumia mauzo ya jumla na takwimu za mapato, bila kumfuata mnunuzi mmoja mmoja.

Sisi tunaweza kwenda karibu zaidi: tuwafuate wanunuzi walewale, usiku wa giza na wa mbalamwezi. James Heckman, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na McFadden mwaka 2000, alionya tutenganishe mazoea na hulka ya mtu. Anayerudi mezani kwako kila wiki, je, amezoea, au ndivyo alivyo tangu mwanzo? Kama ni mazoea, punguzo la muda mfupi litakuletea mteja wa kudumu. Kama ndivyo alivyo, punguzo litawavuta wengine, likiisha nao wataondoka.