Togwa Hufuata Kimea

ZUWENA: Assalaam aleikum, wasikilizaji wa Jungu Kuu. Maalim, leo sitaki tuanze na bei za sokoni, kwa sababu wiki hii nimeletewa mzigo na shangazi yangu wa Micheweni, mzigo ambao nimeusubiri tangu mvua za masika zilipokatika. Ni mifuko ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa: mmoja wa mtama mwekundu umejaa hadi mdomoni, mwingine wa uwele ni wa kiasi, na kuna kifurushi cha ulezi ambacho hakifiki hata kibaba. Ijumaa nina shughuli nyumbani, na wageni wote wamekwisha kusikia kwamba kutakuwa na togwa, kile kinywaji cha uji uliolainishwa kwa kimea.

MAALIM HAJI: Waaleikum salaam, Bi Zuwena. Tulikubaliana kwamba leo tutatoa mafunzo matatu, yaani togwa ya ulezi, ya mtama na ya uwele, kila moja na vipimo vyake. Hata hivyo, mzigo wako umetuletea swali lenye manufaa zaidi: je, mtu achague kwanza togwa anayoitaka kisha atafute kimea, au atazame kimea alichonacho ndipo aamue atapika uji gani?

ZUWENA: Kwangu mimi kimea ndicho kinachotangulia. Ulezi ule mdogo nimeuwekea uji wa mchele, kwa sababu kimea cha ulezi kina nguvu na harufu yake ni nzuri, na mchele hauna ladha ya kuifunika. Mtama mwekundu nimeuwekea uji wa unga wa muhogo, ambao ni mpole na unastahimili ule ukakasi wa ganda. Siwezi kuuchukua mtama ule nikautaka unipe kinywaji chepesi cheupe. Utakuwa umeuomba kitu usichonacho.

MAALIM HAJI: Ukakasi huo unatokana na tanini zilizomo katika mitama mingi myekundu, nazo hazikomei kwenye ladha. Tanini hushikamana na vimeng'enya, yaani vile vitu ndani ya kimea vinavyoukata wanga kuwa sukari, na kimea kikikosa vimeng'enya vya kutosha uji hubaki mzito hata ungekoroga mpaka alfajiri. Kwa hiyo kabla ya kuamua unga wa muhogo uwe kiasi gani, mtu anapaswa kujua kimea chake kina nguvu gani.

ZUWENA: Shangazi hukijaribu kwa bakuli. Huchota uji wa moto upawa mmoja, akatia kijiko cha kimea, akakoroga na kutazama. Mara ya kwanza mwiko unasimama ndani ya uji. Kisha unaanza kulegea pembeni, unateleza, na mwisho uji unadondoka kutoka mwikoni kama maziwa. Ikiwa muda wa kumenya punje za kitunguu thomu umepita na uji bado unang'ang'ania, basi kimea hicho ni dhaifu.

MAALIM HAJI: Jaribio hilo ni zuri kuliko vitabu vingi, kwa sharti moja tu, nalo ni joto. Uji wa bakuli ukiwa umetoka motoni unachemka, vimeng'enya vitakufa papo hapo, na wewe utamlaumu mtama usio na hatia. Shangazi hulipimaje joto?

ZUWENA: Kwa kidole.

MAALIM HAJI: Hapo ndipo tutakapokaa leo, Bi Zuwena, kwa sababu kidole kinatia wasiwasi. Joto linalofaa kwa kimea kugeuza wanga kuwa sukari kwa haraka ni kama nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, na uji wa joto hilo unaunguza ngozi kwa sekunde chache. Ukipita nyuzi 75 vimeng'enya vinaharibika kwa kasi. Kipimajoto cha jikoni kinaondoa hatari zote mbili, ya mkono na ya sufuria.

ZUWENA: Lakini hukuniuliza kidole kinatafuta nini. Shangazi hangoji joto la kuunguza. Anangoja uji upoe hadi kidole kikae ndani bila kuvutwa, uwe vuguvugu, ndipo anatia kimea. Togwa yake hulainika polepole usiku kucha, na asubuhi ina uchachu mzuri unaokata kiu. Hiyo ndiyo togwa niliyokulia Pemba.

MAALIM HAJI: Basi tunazungumzia togwa mbili. Ukitia kimea katika nyuzi 60 na kitu, unapata utamu, kwa kuwa vimeng'enya vinafanya kazi kabla ya bakteria kupata nafasi. Ukikitia uji ukiwa vuguvugu, bakteria wa asidi ya maziwa waliomo ndani ya kimea chenyewe wanaanza kuzaliana mapema, na uchachu unakuja pamoja na ulainikaji. Wapo wanaogawa kimea sehemu mbili: moja wakati uji una moto wa kupata utamu, nyingine ukiwa umepoa, kwa ajili ya uchachu. Mimi huipenda njia hiyo, na kwa kimea dhaifu naiona ni ya lazima.

ZUWENA: Kwa kipimajoto au bila?

MAALIM HAJI: Kwa kipimajoto. Watengenezaji wa bia wa Ulaya, ingawa kinywaji chao si chetu, wana mengi ya kutufundisha hapa. Wanga wa shayiri hulainika katika joto ambalo vimeng'enya vyake bado vina nguvu, kwa hiyo wao hutia kimea kilichopondwa katika maji ya moto bila kupika uji kwanza. Wanga wa mtama na wa mchele unahitaji joto kubwa zaidi kuliko hilo, na ndiyo maana bibi zetu walipika uji mpaka ukaiva, wakaupoza, kisha ndipo wakatia kimea. Hawakuwa na kipimo, lakini mpangilio wao ni sahihi kabisa.

ZUWENA: Nami nasema kidole chao ndicho kilichowafikisha kwenye mpangilio huo, na bado kinatosha kwa togwa ya uchachu. Kipimajoto kitamfaa anayetaka utamu. Asiyekuwa nacho asiache kupika.

MAALIM HAJI: Asiache kupika, ila atumie jaribio la bakuli, na kidole kikae mfukoni.

ZUWENA: Tutabaki hapo hadi adhana. Turudi kwenye mtama wangu mwekundu, ambao nimeujaribu na kuona kwamba unalainisha, lakini kwa uvivu. Nimeamua kupunguza unga wa muhogo katika sufuria na kuongeza kimea. Togwa itakuwa kidogo na rangi yake nzito, lakini itakuwa togwa ya mtama.

MAALIM HAJI: Mimi nisingefanya hivyo. Una ulezi wenye nguvu mkononi. Chukua nusu yake uchanganye na mtama, na sufuria nzima italainika bila kuhangaika. Watengenezaji wa bia nyeusi hufanya vivyo hivyo: kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi hutoa rangi na ladha tu, hakina tena uwezo wa kugeuza wanga, basi sehemu kubwa ya kimea chao huwa ni kile cheupe chenye nguvu. Dhaifu hubebwa na mwenye nguvu, na hakuna aibu katika hilo.

ZUWENA: Kwao kile cheusi kinatafutwa kwa ladha yake, na kile cheupe kinakaa nyuma yake. Ulezi haukai nyuma. Nikiutia humo, mtama wa shangazi utapoteza sura yake, na uji wa mchele nao utapungukiwa. Nitakuwa nimeharibu togwa mbili kwa kuogopa kutoa moja iliyo chache.

MAALIM HAJI: Mgeni wa shughuli hatambui sura ya mtama. Anatambua togwa iliyolainika na ile iliyoganda. Wewe unalinda kimea, mimi namlinda mnywaji.

ZUWENA: Mgeni wa Micheweni anaitambua, Maalim, na wengine wao wanakuja Ijumaa. Mtama ule uliota katika ardhi ya mawe, ukaloweshwa, ukaoteshwa na kuanikwa na mwanamke anayeujua, na mimi sitauzamisha ndani ya ulezi ili nipate sufuria iliyojaa.

MAALIM HAJI: Heshima kwa shangazi ninayo, na ushauri wangu ni ule ule. Kimea kinachagua uji, hilo nimekubali tangu mwanzo, lakini kimea kimoja kinaweza pia kukisaidia kingine.

ZUWENA: Kwa ulezi na mtama, sikubali.

MAALIM HAJI: Basi wasikilizaji wenyewe wajaribu bakuli mbili, moja iliyochanganywa na moja isiyochanganywa. Saa yetu inaniambia kwamba mafunzo matatu hayapo tena. Uwele hatujaugusa hata kidogo, na saa za uchachu, yaani togwa iachwe muda gani kabla hamira za porini hazijaanza kuleta kilevi, nazo zinahitaji kipindi chake na zinahitaji tumwalike mwenye elimu ya fikihi akae nasi.

ZUWENA: Uwele utasubiri, uchachu utasubiri. Jambo moja la mtama haliwezi kusubiri, kwa sababu nimeona watu wakilipuuza. Maalim, lieleze wewe.

MAALIM HAJI: Ni mizizi na machipukizi. Mtama unapoota, machipukizi yake hukusanya dutu iitwayo dhurini, ambayo ikisagwa hutoa sianidi, na hiyo ni sumu. Kimea cha togwa hakichemshwi baada ya kutiwa, kwa hiyo hatuna moto wa kutusaidia. Kikishakauka juani, kifikichwe kwa viganja mpaka mizizi na machipukizi yakatike, kisha kipepetwe kwa ungo hadi ibaki punje tupu, ndipo kipelekwe kusagwa.

ZUWENA: Na yale makapi yanayobaki chini ya ungo msiwape kuku wala mbuzi. Yafukieni. Maalim, Ijumaa ukija nitakuwekea glasi ya kila sufuria.

MAALIM HAJI: Nitakuja na kipimajoto.