Barbara Castle na Swali la Hola

Haya jamani, kule nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tunaongelea Barbara Castle, na najua wengi hapa jina hili hamjawahi kulisikia, kitu ambacho kinaniuma kusema kweli, manake sisi Wakenya ametufaa sana yule mama.

Alikuwa mbunge wa Blackburn kule Uingereza, chama cha Labour, toka 1945 mpaka 1979, miaka 34 kiti kimoja, halafu akaenda bunge la Ulaya miaka kumi, halafu 1990 akaingia bunge la malodi, lile la juu la Uingereza ambalo wabunge wake hawapigiwi kura. Lakini miaka mingi peke yake si hoja, wapo wabunge wamezeekea bungeni na huoni walichoacha. Huyu alikuwa king'ang'anizi, akishika jambo haachii.

Tarehe 3 Machi 1959 pale kambi ya Hola, Tana River, mahabusu wa Mau Mau waligoma kufanyishwa kazi kwa nguvu kwenye mradi wa umwagiliaji, askari wakawatandika marungu, watu 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ikatoa taarifa eti wamekufa baada ya kunywa maji ya kwenye mkokoteni wa tangi! Maji jamani! Maiti zikapimwa, ikaonekana wazi ni kipigo. Castle alikomaa na mawaziri mle bungeni, na kumbuka hakuna hata Mkenya mmoja aliyempigia kura. Na 1955 alikuwa ameshakuja Kenya mwenyewe kufuatilia kifo cha Kamau Kichina aliyefia mikononi mwa polisi.

Baadaye akawa waziri. Akapewa uchukuzi na hata gari hajui kuendesha, madereva wakamcheka, lakini ndiye aliyeleta kipimo cha ulevi barabarani 1967, babu yake hii alkoblo yenu, unapuliza mrija, chembechembe ndani zikigeuka kijani umekwisha. Alitukanwa sana, kaendelea tu. Halafu 1968 wanawake wanaoshona viti vya magari pale Ford, Dagenham, wakagoma, akakaa nao akawasikiliza, na 1970 akapitisha sheria ya malipo sawa kwa wanaume na wanawake. Mwaka uliotangulia, 1969, alijaribu kuvibana vyama vya wafanyakazi akashindwa vibaya, na naona pale alikosea.

Ila mimi ninachompendea zaidi ni pesa ya watoto, ile serikali ya Uingereza inayowapa wazazi kulelea watoto. Zamani sehemu kubwa ya nafuu ile ilikuwa ya kodi, inabaki kwenye mshahara wa baba. Castle akasema hapana, ipelekwe kwa mama, mkononi, sheria ikapita 1975. Mwaka uliofuata Callaghan akawa waziri mkuu, akamfuta kazi.

Mnadhani alinyamaza? Mwaka 2000, karibu miaka 90, macho yameshaisha, akapanda jukwaani kwenye mkutano wa chama chake mwenyewe kudai pensheni za wazee zipande sambamba na mishahara, na wajumbe wakapiga kura wakawashinda viongozi wao.