Mbu Dume na Masikio Yake

Ndugu zangu, naanza tena na mbu, na walionisikia siku za nyuma hawatashangaa. Tukimtaja mbu mawazo yote humwendea jike, kwa kuwa ndiye anayetuuma. Dume tunampuuza. Lakini kwenye kusikia, dume ndiye bingwa.

Mwangalieni kichwani. Vipapasio vyake vimejaa manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Vya jike vina vinyoya vichache tu. Kwenye kitako cha kila kipapasio kuna kivimbe cha mviringo, ogani ya Johnston, iliyopewa jina la Christopher Johnston aliyeieleza mwaka 1855. Humo ndani, dume wa Aedes aegypti, aina moja ya mbu, ana seli za neva zipatazo 15,000. Elfu kumi na tano, kwa mdudu unayemponda kwa kidole! Jike ana kama nusu yake.

Za nini zote hizo? Za kumsikia jike akiruka, anapopiga mabawa kama mara 500 kwa sekunde. Mlio unaotunyima usingizi, kwa dume ni wito. Mwaka 1878, huko Saratoga Springs, Marekani, mvumbuzi Hiram Maxim aliona mbu wamekizonga kifaa cha taa za umeme kilichokuwa kikivuma. Alipowachunguza akakuta ni madume.

Mtu ataniuliza: kwani jike ni kiziwi? La hasha! Ndivyo ilivyodhaniwa kwa miaka mingi, na inaniudhi kwamba bado inarudiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba dume na jike wa Aedes wakiwa pamoja angani hurekebisha milio ya mabawa yao, wote wawili, mpaka sauti za juu zilizomo ndani ya milio hiyo zinakutana kwenye mitetemo 1,200 hivi kwa sekunde. Kiziwi angerekebishaje?

Na tafadhali, msiniletee vile vifaa vya mlio vinavyouzwa eti vinamfukuza jike. Majaribio 10 yalipitiwa kwa pamoja mwaka 2007, na hayakuonyesha kwamba vinazuia mbu kutua mwilini. Watu wanalala bila chandarua kwa kuviamini! Mwenye kutegemea sauti ni dume. Mwaka 2024 watafiti walizima jeni moja, trpVa, wakapata mbu viziwi. Madume viziwi waliwekwa pamoja na majike na hawakupanda hata mmoja. Majike viziwi walipandwa, ila walichelewa kidogo. Dume asiposikia, hakuna mayai.

Naona naoneshwa saa. Nyenje nitamgusa tu: dume anaimba, jike anasikiliza kwa masikio yaliyo kwenye miguu ya mbele na kumfuata. Vunjajungu ana sikio moja, katikati ya kifua. Katika spishi ambazo jike ana mabawa mafupi, sikio lake hafifu. La dume linanasa sauti za popo, kwa kuwa yeye ndiye anayeruka usiku.