Gari mpya au mtumba? Tulivyoamua hapa Kampala

Haya wapendwa wangu, habari za nyumbani, Bukoba, Mwanza, Dar, popote mnaponiangalia, shikamooni wakubwa. Niko hapa nje kwetu Kira, pembeni ya Kampala, mvua imekatika sasa hivi ndo maana mnasikia vyura, na leo nataka tuongee gari, maana mdogo wangu wa Bukoba kanipigia juzi ananiambia dada, wewe na shemeji mnafanya kazi wote wawili, kwa nini mnahangaika na mtumba, si mchukue ziro kilomita mpumzike.

Na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo kabisa. Wale mlionifuata muda mrefu mnakumbuka ile safari ya Krismasi, tunakuja nyumbani, watoto watatu nyuma na mama mkwe mbele, tumepita Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta, tumefika Lukaya watoto wamenunuliwa kuku wa kijiti na gonja, mbele kidogo tu mshale wa joto ukapanda mpaka juu na gari ikachemsha, mvuke unatoka kwenye boneti, malori yanatupita sentimita chache, na mimi nimemkumbatia mdogo pembeni ya barabara natetemeka. Fundi aliyekuja kutoka Masaka akafungua kifuniko cha oili akanionesha, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi ya hedi imeungua, maji yameingia kwenye oili. Rejeta ilipofunguliwa ni kutu tupu, aliyekuwa na ile Toyota Wish yetu ya mtumba kabla yetu alikuwa anajaza maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, miaka na miaka. Tulilala Masaka siku mbili, Mutukula, pale mpakani, tukaiona tarehe 25 jioni. Baba watoto tangu siku ile akaapa, mtumba basi.

Kwa hiyo tukaanza na mpya, tulienda shoruumu kweli. Tuliangalia ya viti saba, bei ilivuka milioni 150 za huku, akiba yetu ikawa haifiki hata nusu, benki moja ikatupa hesabu ya mkopo, milioni 100 kwa miaka 5 riba asilimia 19. Nikapiga hesabu mezani usiku watoto wamelala. Inakuja karibu milioni 2.6 kila mwezi, ukimaliza umerudisha kama milioni 155. Yaani mara moja na nusu ya ulichokopa. Na ada za shule huku zinalipwa mara tatu kwa mwaka, muhula ukifunguliwa mwezi ule ule wa rejesho nikajiona naanza kukopa kwa marafiki. Sisemi gari mpya ni mbaya, jamani, ina waranti, hujui habari za kutu ya mtu mwingine, na kama una hela yako mkononi chukua na Mungu akubariki. Ila kwetu ile amani ya barabarani tungeilipia kwa kukosa usingizi nyumbani.

Ndo tukarudi kwenye mtumba, lakini safari hii sio wa mkononi kupitia dalali kama ile Wish, tumeenda bondi. Bondi huku ni zile yadi ambazo gari zinakaa zikitoka Mombasa, kodi bado, ukikubaliana ndo inalipiwa. Gari haijawahi kutembea mashimo ya Kampala hata siku moja, hiyo ndo faida yake kubwa. Na kuna sababu Wajapani wanaziuza zikiwa bado nzima, kule gari mpya inakaa miaka 3 ndo inakaguliwa na serikali, baada ya hapo kila miaka 2, ukaguzi una gharama, wengi wanaona bora kuuza. Kingine, Uganda tangu 2018 hairuhusu kuingiza gari iliyofikisha miaka 15 tangu itengenezwe, na kadiri ilivyo mzee kodi ya mazingira inakubana, kwa hiyo ukiona bei ya Japani kwenye mtandao imekuwa ndogo sana usishangilie, kodi bado hujaijua, VAT peke yake ni asilimia 18.

Sasa sogeeni karibu hapa maana hiki ndo kilichonifanya niwashe kamera.

Bondi ya kwanza tulikuta Toyota Noah nyeupe inang'aa, dashibodi inasema kilomita 68,000. Muuzaji anaongea vizuri, anatuita ssebo na nnyabo, yaani bwana na bibi kwa Kiganda, baba watoto kashaanza kukaa kwenye usukani anajiona yuko Mutukula. Mimi nikaangalia raba ya pedo ya breki. Imelika mpaka imekuwa laini kama sabuni. Ukingo wa siti ya dereva umechoka, usukani unang'aa pale mikono inaposhika. Kilomita 68,000 hazili pedo namna ile. Nikafungua mlango wa dereva nikachuchumaa, kwenye ukingo wa chuma kulikuwa na kikaratasi kidogo cha Kijapani, vile vinavyobandikwa gari ikibadilishwa oili. Kijapani sijui, lakini tarakimu ni tarakimu, 121,000, na juu yake 30.6. Wajapani wanahesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, hiyo 30 ni mwaka wa enzi ya Heisei, unajumlisha 1988, ni 2018, mwezi wa sita. Ukikuta herufi R ni Reiwa, unajumlisha 2018, R3 ni 2021. Kwa hiyo mwaka 2018 ilikuwa na 121,000 na leo ina 68,000. Nikamuonesha muuzaji, akanyamaza. Iliniuma sana kwa sababu ile gari mtu atainunua, ataweka watoto wake ndani, na ratiba yote ya sevisi ataihesabu kwa namba ya uongo.

Dada zangu naomba mjue hivi vitu, tusiwaachie wanaume peke yao. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, mara nyingi chini kuna lebo yenye mwaka, kama mikanda yote ni ya 2014 na mmoja ni wa 2017 uliza kwa nini ulibadilishwa. Tairi ina tarakimu nne, 2219 maana yake wiki ya 22 mwaka 2019. Omba karatasi ya mnada wa Japani, gredi 4 au 4.5 ni nzuri, ukiona gredi ni R au RA ujue ilipata ajali ikatengenezwa. Halafu namba ya chesisi usiiandike tu kwa ajili ya kodi, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari uone kama iliitwa irudishwe kiwandani, hasa kwa eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, za kampuni ya Takata, zile ambazo dawa yake ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inalipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu, jamani, ndo hali ya hewa yetu sisi wa kando ya ziwa.

Tuliyoipenda iko bondi nyingine, Noah ya 2014, umbo la ZRR80, milioni 58 na kodi ndani, kilomita kwenye dashibodi, karatasi ya mnada na kikaratasi cha mlangoni vinafuatana vizuri. Iko chini kidogo kwa hili tope la kwetu, hilo nakubali. Redio yake ni ya Kijapani, haifiki masafa ya juu ya huku, stesheni ya CBS 88.8 inashika, Capital 91.3 haishiki mpaka ufunge kile kifaa cha kubadilisha masafa, hilo dogo. Kubwa ni giaboksi, ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka oili yake ya CVT, na mafundi wengi wa mtaani wanamimina ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, halafu giaboksi ikifa wanalaumu mtumba. Kwa hiyo milioni 6 tumezitenga kabisa, haziguswi, za oili ya giaboksi, kulanti mpya, tairi nne na shokapu za mbele.

Baba watoto bado moyo haujatulia, na mimi simlaumu, yeye ndo alikuwa anasukuma gari Lukaya. Tumekubaliana Jumamosi tunarudi na fundi wetu saa moja asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kwa sababu injini ya moto inaficha mengi, moshi, mlio wa cheni, kutetemeka. Muuzaji nimeshamwambia asiiwashe kabla hatujafika, na nikifika kitu cha kwanza naweka kiganja juu ya boneti.